Ely Culbertson na Karata ya Kwanza

Naomba ruhusa niwasimulie maisha ya mcheza karata. Najua mzazi atakayeona maneno haya huenda akakunja uso, kwa kuwa kwetu karata na kamari ni kama chanda na pete. Namsihi asome mpaka mwisho, ndipo anihukumu.

Ely Culbertson alizaliwa Romania mwaka 1891. Baba yake alikuwa Mmarekani, mhandisi wa migodi, na mama yake alikuwa Mrusi. Alilelewa katika utajiri, akasoma Paris na Geneva, akajua lugha nyingi. Mwaka 1917 yakatokea mapinduzi ya Urusi, na mali ya jamaa zake ikapotea. Kijana yule aliyezoea kutumikiwa akajikuta hana njia ya kupata chakula ila karata. Akaishi hivyo Ulaya miaka michache, kisha mwaka 1921 akaenda Marekani. Wala sifichi: siku zile alikuwa mcheza kamari, leo anacho, kesho hana. Mwaka 1923 akamwoa Josephine Dillon, mwalimu wa mchezo wa briji mjini New York. Ely alikuwa moto, Josephine maji, wakafaana sana.

Ili maisha yao yaeleweke, imenipasa kueleza mchezo wenyewe. Briji huchezwa na watu 4, wawili dhidi ya wawili. Karata ni 52, kila mtu hupata 13. Kwanza wachezaji hunadi, yaani kila upande hutaja mizunguko mingapi katika 13 utaweza kula, na turufu itakuwa aina gani, au isiwepo turufu. Upande uliotaja zaidi hufungwa na ahadi yake. Hesabu za mtindo huu wa ahadi zilitungwa na Mmarekani mwingine, Harold Vanderbilt, mwaka 1925. Mnada ukiisha, adui aliyeketi kushoto kwa mwenye ahadi hucheza karata ya kwanza. Hapo ndipo karata za mwenziwe mwenye ahadi hulazwa mezani wazi, wote wazione.

Tazameni basi ugumu wa mtu huyu wa kwanza. Anaona karata zake 13 tu, 39 zimefichika. Na mikono ya karata 13 iwezayo kupatikana katika karata 52 ni 635,013,559,600! Tena karata ikishawekwa mezani hairudi. Mara nyingi ahadi hupona au huvunjika kwa karata hiyo moja.

Wengi walikuwa wakiitupa kwa kubahatisha. Culbertson na mkewe waliwafundisha watu kutumia akili, na kukumbuka yaliyosemwa katika mnada. Je, mwenzio alitaja uru? Basi kwa kawaida mchezee uru. Adui hawakutaja shupaza, nawe unazo tano? Huenda njia yako ni hiyo. Unao mfalme, malkia na ghulamu wa aina moja? Anza na mfalme; hata akiliwa na ree, malkia na ghulamu wamekuwa wakubwa. Una karata moja tu ya aina fulani, na turufu ipo? Pengine ufae kuicheza hiyo, ili aina ile ikirudi uikate kwa turufu. Na kama hakuna turufu, cheza ile ya nne kutoka juu katika aina yako iliyo ndefu.

Hiyo ya nne ina siri ya hesabu, iliyoelezwa na R. F. Foster mwaka 1889. Mwenzio akianza na 7, ondoa 7 katika 11, zitabaki 4. Hizo ni idadi ya karata zinazoizidi 7 katika mikono mitatu mingine. Ukiziona 2 mezani, na 2 unazo wewe, basi mwenye ahadi hana hata moja. Mezani pakichezwa ndogo, nawe cheza ndogo. 7 ya mwenzio itakula. Wanafunzi wa hesabu na watafute sababu yake wenyewe.

Mwaka 1929 Culbertson alianzisha gazeti lake, The Bridge World, na mwaka 1930 akatoa kitabu kilichompatia sifa kubwa. Mwaka huo huo yeye, mkewe na wenzao wawili walikwenda London wakawashinda Waingereza. Mabingwa wa zamani wa New York hawakupenda kufundishwa na mgeni huyu. Basi Desemba 1931 akapambana na mmoja wao mashuhuri, Sidney Lenz, katika michezo mikubwa 150, na magazeti yakaandika habari zake kama vita. Katikati ya mashindano Lenz akagombana na mwenziwe, Oswald Jacoby, naye Jacoby akaondoka. Upande wa pili Josephine alicheza kwa utulivu ule ule. Januari 1932 akina Culbertson wakashinda kwa pointi 8,980.

Mimi naona funzo hapo. Karata ya kwanza ni kama barua kwa mwenzio, kumwambia ulicho nacho. Asipokuamini, barua haisomwi, hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani.

Lakini kushinda si kudumu. Mwaka 1937 mjini Budapest timu ya Culbertson ilishindwa na Waaustria. Mwaka uliofuata yeye na Josephine wakaachana. Mtu aliyewafundisha maelfu ya watu kuelewana na wenzao mezani, nyumba yake mwenyewe ilimshinda. Akaiacha briji kwa sehemu kubwa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akatumia nguvu zake kueneza mpango wa kuunganisha mataifa yawe na jeshi moja la kuzuia vita. Mpango huo haukukubaliwa. Alifariki Desemba 1955, na Josephine akafuata miezi michache baadaye, mwaka 1956.

Sasa namjibu yule mzazi. Kamari ya ujana wa Culbertson siisifu, wala siwashauri wenzangu waifuate. Ninachosifu ni kwamba alikataa kuiita bahati kazi iliyo ya akili. Nami muhula huu natakiwa kuchagua masomo nitakayoendelea nayo. Sijui mtihani utaleta nini, wala kazi gani zitakuwapo nikimaliza. Karata hizo zimefichika. Lakini najua alama zangu, na nimesikia waliyosema walimu na wazazi wangu. Nilikuwa karibu kufuata rafiki zangu tu. Baada ya kusoma habari za mtu huyu nimekaa chini na daftari, nikaandika ninayoyajua upande mmoja na nisiyoyajua upande wa pili, kisha nikampelekea baba aone. Huenda nikakosea, kwani hata Culbertson alikosea. Ila sitakuwa nimetupa karata yangu ya kwanza bila kuitazama.