Clark Gable: Mfalme wa Hollywood Aliyekuja Kenya Mwaka wa Hali ya Hatari

Wacheza sinema wakubwa wa Hollywood wa enzi ya filamu nyeusi na nyeupe walioukanyaga udongo wetu ni wachache. Marehemu Clark Gable ni mmoja wao. Huko kwao Marekani walimwita Mfalme, na alipofika Kenya mwishoni mwa mwaka wa 1952 alikuwa na umri wa miaka 51, mvi zimeanza kumwingia kando ya masikio, na moyoni amebeba msiba ambao watazamaji wake hawakuuona.

Siku hizi si lazima mtu apande basi hadi Nairobi na kupanga foleni kwenye jumba la sinema ili amwone. Hata huku Mukuyuni, mahali palipopata jina kutokana na mkuyu, mwenye televisheni na umeme wa jua aweza kuketi na jamaa yake baada ya sahani ya muthokoi akazitazama filamu hizo za kale sebuleni mwake. Mtu kama huyo namshauri atafute filamu mbili za Gable na kuzitazama kwa usiku mmoja: Red Dust ya mwaka wa 1932 na Mogambo ya mwaka wa 1953. Hadithi ni moja na mwanamume ni yule yule. Kilichobadilika ni miaka 21 iliyopita kati yake.

Gable alizaliwa tarehe 1 Februari, 1901 katika mji mdogo wa Cadiz, jimbo la Ohio. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na akalelewa na mama wa kambo aliyempenda. Baba yake alikuwa mchimba visima vya mafuta, mtu wa mikono migumu, ambaye aliiona kazi ya kuigiza kuwa si kazi ya mwanamume. Kijana alifanya kibarua katika kiwanda cha mipira ya magari mjini Akron, akafanya kazi visimani pamoja na baba yake, kisha akayaacha hayo yote akafuata vikundi vya michezo ya kuigiza.

Aliyemtengeneza hasa ni mwalimu wake wa uigizaji, Josephine Dillon, ambaye alimzidi umri kwa miaka mingi na aliyekuja kumwoa mwaka wa 1924. Mwanamke huyo alimfundisha namna ya kusimama na kutembea, na juu ya yote akamfundisha kuzungumza. Inasemekana sauti ya Gable ilikuwa nyembamba, naye akamzoeza kuishusha hadi ikawa nzito kama tuijuavyo. Katika miaka ya sinema zisizo na sauti Gable alipata vijisehemu vya kupita tu nyuma ya wakubwa. Sinema zilipoanza kusema, ndipo naye akaonekana. Mwaka wa 1931 alipata sehemu yake ya kwanza ya kusema katika The Painted Desert, na mwaka huo huo kampuni ya MGM ikamtumia katika filamu moja baada ya nyingine. Kwa hiyo msomaji, ukimtazama nyumbani, zima kwanza zile nakala zenye msimulizi anayefasiri kwa Kiswahili juu ya maneno ya wachezaji. Zinachekesha kweli, lakini kumtazama Gable bila sauti yake ni kula ugali bila kitoweo.

Mwaka wa 1934 MGM ilimwazima kwa kampuni ya Columbia kucheza It Happened One Night, hadithi ya mwandishi wa gazeti na binti tajiri aliyemtoroka baba yake. Kichekesho hicho kilimpatia Gable tuzo ya Oscar, na filamu yenyewe ikazoa tuzo zote tano kubwa za mwaka. Kuna uvumi kwamba kwa kuwa alivua shati mle bila kuwa na fulana ndani, biashara ya fulana ilianguka Marekani nzima. Mimi siuamini sana uvumi huo. Miaka mitano baadaye alicheza Rhett Butler katika Gone with the Wind, sehemu ambayo hakuitaka mwanzoni na ambayo ndiyo iliyomfanya asisahaulike. Filamu hiyo ilipofunguliwa mjini Atlanta Desemba 1939, Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi aliyecheza ndani yake, hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Husimuliwa kwamba Gable alitaka kususia sherehe, na kwamba McDaniel mwenyewe ndiye aliyemsihi aende.

Mwaka huo huo wa 1939 alimwoa Carole Lombard, mcheza vichekesho hodari, wakaishi shambani Encino wakifuga kuku na farasi. Wengi husema hiyo ndiyo ndoa aliyoipenda kuliko zote tano alizofunga. Haikutimiza miaka mitatu. Tarehe 16 Januari, 1942, Lombard akirudi kutoka jimbo la Indiana alikokwenda kuuza hati za kuchangia vita, ndege yake iligonga mlima karibu na Las Vegas. Watu wote 22 waliokuwamo walikufa, na mama yake akiwa miongoni mwao.

Gable alikuwa na miaka 41, umri ambao angeweza kabisa kubaki nyumbani. Badala yake alijiandikisha Agosti ya mwaka huo katika jeshi la ndege, na mwaka wa 1943 akaruka mara tano juu ya Ulaya ya adui katika ndege za mabomu zilizotoka Polebrook, Uingereza. Alitoka jeshini na cheo cha meja. Filamu zake za baada ya vita nyingi ni hafifu, nazo hazina haja ya kutuchelewesha.

MGM ilikuwa inaifahamu Afrika Mashariki tangu zamani. Mwaka wa 1929 ilikuja huku kupiga Trader Horn, mojawapo ya filamu za kwanza kabisa za sauti za Hollywood kutengenezwa barani Afrika, ikamchukua Mutia Omoolu kutoka Kenya hadi California kumalizia kazi. Jina hilo la Mutia, Mkamba yeyote atalitambua. Katika Red Dust, kampuni ilijenga msitu wa Indochina ndani ya studio. Ilipoamua kuirudia hadithi hiyo, chini ya mwelekezi John Ford, shamba la mpira likageuzwa kuwa kambi ya mtega wanyama Kenya, na Gable akaletwa pamoja na Ava Gardner na Grace Kelly. Walipiga picha Kenya, Uganda na Tanganyika, hasa kando ya mto Kagera.

Jina Mogambo walidai ni la Kiswahili, eti maana yake ni mapenzi makali. Msomaji asijisumbue kulitafuta katika kamusi. Sisi tunalo mgambo, lile la mbiu, na halihusiani na mahaba. Yasemekana mtayarishaji aligeuza tu herufi ya jina la klabu moja ya usiku ya Hollywood, Mocambo.

Lakini linalostahili kuangaliwa zaidi ni tarehe. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba, 1952, na wageni hao wakaanza kazi mwezi uliofuata, kambi zao zikilindwa kwa silaha. Tarehe 3 Desemba kesi ya Kapenguria ilifunguliwa, na miongoni mwa washtakiwa sita, pamoja na Mzee Kenyatta, alikuwamo mwana wa Ukambani, Paul Ngei. Katika filamu nzima hakuna hata neno moja juu ya hayo. Kenya ya Mogambo ni chui, mto, machweo ya jua na Wazungu watatu wanaopendana visivyo. Wenyeji wanapita wakiwa na mizigo na mikuki, na badala ya mziki wa Kimarekani tunasikia ngoma na nyimbo zao, jambo zuri ambalo mimi nalipenda kuliko mapigano na masokwe. Mzee wa Mukuyuni anayeikumbuka miaka ile atakuwa na mengi ya kuwaeleza wajukuu televisheni ikiendelea.

Gable mwenyewe alicheza vizuri. Katika Red Dust anabweka na kuamrisha kama kijana asiyewahi kupoteza kitu. Katika Mogambo anaongea taratibu, na anapomsukuma Grace Kelly ili arudi kwa mumewe, uso wake unasema zaidi ya maneno aliyoandikiwa.

Aliachana na MGM mwaka wa 1954. Filamu yake ya mwisho, The Misfits, aliyocheza na Marilyn Monroe, alimaliza kuipiga tarehe 4 Novemba, 1960. Siku chache baadaye moyo ulimshika, na tarehe 16 akafariki. Mkewe wa tano, Kay, alikuwa mjamzito. Walimzika Glendale, California, kando ya Carole Lombard, na mwanawe wa kiume, John, akazaliwa tarehe 20 Machi, 1961.