Al-Biruni na elimu iliyofungiwa kabatini

Wakitajwa wanazuoni wa Kiislamu wa zamani waliobobea katika sayansi, wengi wetu tunakimbilia jina la Ibn Sina. Ni haki yake. Lakini yupo mwenzake wa zama zile zile, Abu Rayhan Al-Biruni, ambaye kwa maoni yangu tumemsahau. Nimeona nimzungumzie wiki hii kwa sababu maisha yake yanagusa jambo linalowasumbua vijana wetu walioko vyuo vikuu: utafiti wa kitaaluma ambao hausomeki mpaka ulipie.

Al-Biruni alizaliwa mwaka 362 Hijria, yaani 973 Miladia, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo ni sehemu ya Uzbekistan. Alibahatika kupata mwalimu, Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa watawala na mwanahesabu hodari. Mwaka 995 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwaangusha watawala hao, na kijana yule akakimbia kuokoa roho yake. Ndugu msomaji, huyu hakuwa mtu wa kukaa kwenye maktaba yenye kiyoyozi.

Pamoja na misukosuko hiyo, mwaka 997, akiwa na miaka 23 tu, alifanya jambo ambalo mimi hulistaajabia kila ninapolisoma. Alikubaliana na Abul-Wafa, mwanafalaki mkubwa aliyekuwa Baghdad, kwamba siku ya kupatwa kwa mwezi kila mmoja aangalie akiwa mjini kwake na aandike saa. Kisha wakapeana matokeo. Kwa kuwa mwezi hupatwa kwa wakati mmoja kwa wote wanaouona, tofauti ya saa zao, takriban saa moja, iliwaonyesha umbali kati ya miji ile miwili kwa upande wa mashariki na magharibi. Hakuna ambaye angeweza kuipata hesabu hiyo peke yake. Mmoja wao angekataa kutoa alichokiona, cha mwenzake kisingekuwa na maana.

Aliandikiana pia na Ibn Sina, akimtumia maswali 18 juu ya falsafa ya Aristotle na maumbile, na mabishano yao yalikuwa makali kweli kweli. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na Al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Jeshi la Mahmud lilipoingia India, yeye alipata nafasi ya kuwasoma Wahindi. Alijifunza Kisanskriti ukubwani, akawa ananunua vitabu kila alipovipata. Alikuta wenye elimu ya Kihindi hawapendi kumfundisha mgeni. Hakuishia kuwalaumu. Aliandika wazi kuwa uvamizi wa Sultani, bwana wake mwenyewe, ndio uliowafukuza wanazuoni wa Kihindi hadi Kashmir na Benares na kuzidisha chuki. Naye akafanya kazi ya kuwafasiria Wahindi vitabu vya Euclid na Ptolemy kwa lugha yao. Alichukua na akatoa.

Fani alizozishika zinachosha kuzitaja. Mwaka 1025 alimaliza kitabu cha kupima mahali pa miji, na moja ya shabaha zake ilikuwa kujua kibla sahihi cha Ghazna. Humo alieleza jinsi alivyopanda mlima karibu na ngome ya Nandana, katika Pakistan ya leo, akapima pembe ya upeo wa macho na kukokotoa ukubwa wa dunia. Jibu lake linakaribia la leo, ingawa wataalamu wanabishana juu ya urefu wa dhiraa aliyotumia. Alipima uzito wa vito na madini kwa kulinganisha na maji. Uzeeni, macho na masikio yamechoka, alikuwa bado anaandika kitabu cha dawa chenye majina ya mimea kwa lugha nyingi. Mtu wa dawa alimhitaji mtu wa lugha, na mtu wa kibla alimhitaji mtu wa hesabu. Ukifunga chumba kimoja, umevifunga vyote.

Alifariki Ghazna mwaka 440 Hijria kwa hesabu iliyo mashuhuri. Imepokewa kwamba faqihi mmoja alimtembelea akiwa mahututi, naye akamuuliza suala la mirathi ambalo lilikuwa halijamkaa sawa. Akajibiwa, na mgeni hakufika mbali kabla ya kusikia kilio nyumbani.

Je, vitabu vyake viliishia wapi? Waliohesabu wanataja zaidi ya 140. Vilivyosalia ni kama 22. Qanun ya Ibn Sina ilitafsiriwa Kilatini katika karne ya 12 na kusomwa Ulaya nzima, lakini vya Al-Biruni vilibaki kwenye makabati. Kile cha India kilichapwa kwa Kiarabu mwaka 1887 na kwa Kiingereza mwaka 1888 na Mjerumani Eduard Sachau, ambaye ndiye aliyeongoza chuo cha lugha cha Berlin kilichokuwa kikiwafundisha Kiswahili Wajerumani waliokuwa wakija kututawala. Karne nane na zaidi! Tena tukaletewa na nani?

Leo kabati limebadilika sura tu. Kijana wetu anatafuta makala ya malaria, kompyuta inamdai dola 30 au 40 kwa makala moja. Hana. Anabaki na muhtasari, na tasnifu yake inaandikwa kwa muhtasari. Waliokutana Budapest mwaka 2001 walitaka utafiti usomwe bure na wote, na mwaka 2021 UNESCO ilipitisha pendekezo la sayansi huria. Yapo majarida, kama PLOS ONE lililoanza 2006, yanayopokea fani nyingi na kusomwa bila malipo. Ila hapo nina neno: mengi ya majarida haya humtoza mwandishi, mara nyingi zaidi ya dola 1,000. Msomaji amefunguliwa, mtafiti wa Morogoro amefungiwa.

Sokoine na Muhimbili wameweka tasnifu zao mtandaoni, jambo la kupongezwa. Vyuo vingine, vikiwemo vya Waislamu, navyo vifanye hivyo, kwa kuwa hilo halihitaji dola za mchapishaji yeyote. Na wewe mwanafunzi, kabla ya kutoa fedha yako, muulize mkutubi kama chuo chako kimejiandikisha HINARI. Tangu 2002 mpango huo unazipa taasisi za nchi maskini majarida ya afya bure au kwa bei ndogo.