Aliwaambukiza wagonjwa wa akili malaria ili awatibu

Malaria unaijua: homa, baridi, kutetemeka. Je, ungekubali daktari akuambukize makusudi ili akutibu ugonjwa mwingine? Julius Wagner-Jauregg aliwafanyia hivyo wagonjwa wake, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel.

Alizaliwa mwaka 1857 mjini Wels, Austria, akawa profesa wa magonjwa ya akili huko Vienna. Enzi hizo wodi za akili zilikuwa na wagonjwa wengi ambao kaswende ilikuwa imefika kwenye ubongo. Walichanganyikiwa, wakapooza, na wengi walifariki ndani ya miaka michache. Dawa ya kuwaponya haikuwapo.

Daktari huyu alikuwa ameona kwamba baadhi ya wagonjwa wa akili hupata nafuu baada ya kuugua homa kali. Juni 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, alichukua damu ya askari mwenye malaria akaanza kuwaambukiza wagonjwa, 9 kwa jumla. Homa ilipokwisha kupanda mara kadhaa, aliizima kwa kwinini. Sita walipata nafuu kubwa, ingawa baadhi yao ugonjwa uliwarudia. Tiba hiyo ilienea nchi nyingi, na mwaka 1927 akatunukiwa Nobel. Alifariki mwaka 1940. Miaka michache baadaye, penisilini ikachukua nafasi ya tiba yake.

Lakini wapo wagonjwa waliouawa na malaria waliyopewa kama tiba. Nao walikuwa watu ambao ugonjwa ulikuwa umewapunguzia uwezo wa kupima hatari. Wakati ule hapakuwa na kanuni ya kimataifa iliyomtaka daktari apate ridhaa yao. Kanuni za Nuremberg zilikuja mwaka 1947, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likawagusa pia wasioweza kujiamulia.

Leo, kuwa na ugonjwa wa akili peke yake hakukuondolei haki ya kuamua. Mtafiti anapaswa kuhakikisha kwamba unaelewa kitakachofanyika, unatambua kuwa kinakuhusu wewe, unaweza kulinganisha faida na madhara, na unaweza kueleza uamuzi wako. Uwezo huo hupanda na kushuka. Aliyechanganyikiwa leo anaweza kuulizwa tena akitulia. Asipoweza kabisa, ndugu anayeruhusiwa kisheria huamua kwa niaba yake, lakini mgonjwa akionyesha kukataa, asikilizwe. Mzazi, mwanao naye aelezwe kwa kadiri ya umri wake.

Kabla ya kuweka sahihi, uliza: Hii ni tiba au utafiti? Kamati ya maadili imeuidhinisha? Tukijitoa, matibabu yetu ya kawaida yataendelea? Jibu la swali la mwisho linapaswa kuwa ndiyo.