George Eastman, mtu aliyeumba jina Kodak

Mu Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, wapiga foto wa ndoa wako na ubishi wao usiokwisha. Mmoja anashika Canon na hataki kusikia jina lingine; mwenzake iko na Nikon, anaapa kwamba rangi za Canon hazifai. Wazee wao walibishana vilevile juu ya filimu: Kodak ya kartoni ya njano ao Fuji ya kartoni ya kijani. Ubishi huo si wa kwetu peke yetu, na haukuanza leo. Tukitaka kujua namna gani mtu anaweza kupenda marki ya apareyi kama vile anapenda timu yake ya mpira, tutazame maisha ya yule aliyefungua njia hiyo.

George Eastman alizaliwa tarehe 12 Julai 1854 huko Waterville, mu jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikufa mwaka wa 1862, mtoto akiwa bado hajafika miaka 8. Mama yake, Maria Kilbourn, akaanza kupangisha vyumba vya nyumba yao ya Rochester ili watoto wale. George aliacha masomo akiwa na miaka karibu 14, akaingia mu biro ya asiransi kwa mshahara wa dolari 3 kwa juma. Kisha akawa karani wa banki.

Mwaka wa 1877 alitaka kusafiri, akanunua apareyi ya foto pamoja na vyombo vyake, karibu dolari 94 yote. Safari ilikufa, apareyi ikabaki. Kumbe foto ya wakati ule ilikuwa kazi ya kubeba mizigo: vioo, dawa, beseni, hata hema la giza, juu ya kioo kilipakwa dawa palepale na kutumiwa kingali kibichi. Eastman akajiuliza kama vioo vikavu haviwezi kutayarishwa mbele na kuuzwa tayari. Muchana banki, usiku jikoni kwa mama yake, akichemsha dawa na jelatini. Kisha akaunda mashini ya kupaka vioo, na mwanzo wa 1881 akafungua kampuni pamoja na Henry Strong, ambaye alikuwa mpangaji mu nyumba ya mama yake.

Mwaka uliofuata kampuni ilikaribia kufa. Vioo vilivyokuwa kwa wachuuzi vilikataa kuonyesha picha. Eastman angeweza kusema kosa ni la wachuuzi, ao la wapiga foto wasiojua kazi. Hakufanya hivyo. Alirudisha vioo vibaya na kutoa vingine bila malipo, ingawa feza zilikuwa kidogo, akasimamisha kiwanda, akavuka bahari mpaka Uingereza kutafuta sababu. Jelatini njo ilikuwa imeharibika. Tangu pale akashika desturi ya kupima kila kitu mbele ya kukitumia.

Ninyi wachimbaji wa Misisi, Kamituga na Numbi mnaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Wanunuzi ni wengi, lakini mchimbaji anarudi kwa yule ambaye mizani yake haiibi, na ambaye akikosea hesabu Jumatatu, anairekebisha Jumanne. Ni kwa njia hiyo Eastman alipata wateja wasiomuacha. Matangazo yalikuja nyuma.

Na jina pia lilikuja nyuma. Mwaka wa 1888 alitoa apareyi ndogo ya mkononi na kuipa jina ambalo halina maana mu luga yoyote: Kodak. Alipenda herufi K, ile inayoanza jina la ukoo la mama yake, na alitaka neno fupi ambalo watu hawawezi kuliharibu mdomoni. Apareyi iliuzwa dolari 25, na ndani mlikuwa filimu ya foto 100. Ukimaliza, unaituma yote kiwandani pamoja na dolari 10. Wanakurudishia foto zako na apareyi yenye filimu mpya. Mwaka wa 1900 ikatoka Brownie, kwa dolari 1 tu, na hata watoto wakaanza kupiga foto.

Foto ilifika mpaka kwetu Kongo, na ilifanya kazi ambayo Eastman hakuipanga. Wakati wa mpira wa Mfalme Leopold II, mmisionari Alice Seeley Harris alipiga foto huko Baringa, upande wa Équateur: watu waliokatwa mikono, na mwaka wa 1904 baba mmoja akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo. Foto hizo zilizunguka Uingereza na Marekani. Mwandishi Mark Twain, mu kitabu chake cha 1905, aliiweka Kodak kama shahidi ambaye mfalme hakuweza kumhonga.

Lakini tusimfanye Eastman mtakatifu. Kwa washindani alikuwa mkali. Alinunua kampuni nyingi ndogo, na mwaka wa 1915 tribinali ya Marekani ikaamua kwamba kampuni yake imefunga soko kinyume cha sheria. Tena kulikuwa pasta Hannibal Goodwin, aliyeomba haki ya filimu ya plastiki mwaka wa 1887, mbele ya Kodak. Karatasi yake ilichelewa miaka 11, naye akafa mwaka wa 1900 bila kufaidika. Kesi iliisha mwaka wa 1914: Kodak ililipa dolari milioni 5 kwa kampuni iliyoshika haki za marehemu.

Kwa wafanyakazi wake mkono ulikuwa wazi zaidi. Tangu 1912 waligawiwa sehemu ya faida juu ya mshahara. Mwaka wa 1919 alitenga theluthi ya hisa zake mwenyewe, za thamani ya dolari milioni 10, kwa ajili yao. Mu maisha yake alitoa zaidi ya dolari milioni 100 kwa masomo, muziki na afya. Hata Brussels alilipia kliniki ya meno ya watoto. Hakuoa. Mwaka wa 1926, na tena 1928, alikuja Afrika Mashariki kuwinda na kupiga filimu pamoja na Martin na Osa Johnson. Kisha ugonjwa wa uti wa mgongo ukamshinda, na tarehe 14 Machi 1932 akajiua, akiwa na miaka 77.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuleta Leica, tangu 1925, na wenye Leica waliwacheka wenye Kodak. Lakini filimu ya milimita 35 ndani ya Leica ilikuwa ya upana ule uliozaliwa mu karakana ya Edison kwa filimu ya Eastman. Waliobishana walikula chungu kimoja. Na Kodak yenyewe, ambayo mhandisi wake Steven Sasson aliunda apareyi isiyotumia filimu mwaka wa 1975, ilichelewa kuifuata njia hiyo; Januari 2012 ikaomba ulinzi wa tribinali juu ya madeni.

Leo pia chungu ni kimoja. Ndani ya apareyi na simu za marki nyingi mna vidude vidogo vya umeme vya tantali, na tantali inatoka mu koltani, kama ile ya Numbi. Jina la kiwanda limeandikwa mbele. Jina la kilima halionekani popote. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya kooperative, na kila kooperative iko na jina lake. Siku mnunuzi atakuta mawe mu mfuko, kooperative itafanya nini: itamkimbia, ao itaurudisha mfuko na kutoa mwingine? Karani wa Rochester alichagua la pili wakati hakuwa na feza ya kupoteza.