Léonard Foujita, Mchoraji Aliyebatizwa Uzeeni

Tsuguharu Foujita alizaliwa Tokyo, katika nchi ya Japani, mwaka 1886. Baba yake alikuwa mganga wa jeshi. Foujita alisomea ufundi wa kuchora picha katika shule kubwa ya mji huo.

Mwaka 1913 alivuka bahari akafika Paris, Ufaransa. Huko alichora kwa rangi za mafuta kama Wazungu, lakini hakuiacha brashi nyembamba ya wazee wake. Juu ya kitambaa kilichopakwa weupe kama maziwa alipiga mistari myeusi, myembamba kama unywele. Watu walistaajabu, naye akapata sifa na mali.

Baadaye alirudi kwao. Vita kuu ilipowaka, jeshi la Japani lilimwagiza achore mapigano, naye akayachora. Vita ilipokwisha mwaka 1945, wengi wa taifa lake walimlaumu kwa sababu ya picha hizo. Mwaka 1949 aliondoka Japani, asirudi tena. Akakaa Ufaransa, na mwaka 1955 akawa raia wa nchi hiyo.

Neema ya Mungu ilimngojea katika mji wa Reims. Alipolizuru kanisa la Mtakatifu Remi, moyo wake uliguswa. Tarehe 14 Oktoba 1959 alibatizwa pamoja na mkewe Kimiyo katika kanisa kuu la mji huo. Alikuwa na miaka 72. Akachukua jina la Léonard, kwa kumheshimu mchoraji Leonardo da Vinci.

Kisha alitaka kumshukuru Mungu kwa kazi ya mikono yake. Kikanisa kilijengwa Reims, kikaitwa kwa jina la Mama Yetu wa Amani. Mwaka 1966, akikaribia miaka 80, alizipamba kuta zake kwa picha za Yezu na za Mama yake. Kazi hiyo ni ngumu: rangi hutiwa juu ya chokaa ikiwa bado mbichi, na kosa halifutiki kwa urahisi. Mkono uliochora vita ukachora amani.

Alifariki Zurich, Uswisi, mwaka 1968. Tangu mwaka 2003 mwili wake unapumzika katika kikanisa hicho.

Ninyi mnaojiandaa kwa ubatizo, fahamuni: Mungu hamchoki mtu aliyechelewa. Ufundi aliompa tangu ujana haukutupwa. Ulitakaswa, ukamtumikia Yeye.