Maisha ya Padre Georges Lemaître

Asimamaye usiku juu ya vilima vya Cyangugu wakati wa kiangazi huona taa za namna mbili: chini ni taa za wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu, na juu ni nyota zisizohesabika. Mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake ndiye aliyetambua kwamba mbingu zile hazikutulia kama zionekanavyo.

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 mjini Charleroi, Ubelgiji. Alisoma kwa Wajesuiti, na mwaka 1911 akaingia Chuo Kikuu cha Louvain kujifunza uhandisi. Vita vya 1914 vilipozuka aliingia jeshini kwa hiari yake, akatumika katika kikosi cha mizinga, akapata nishani. Vita vilipokwisha aliuacha uhandisi, akashika hesabu na fizikia. Alipata udaktari mwaka 1920, kisha akaingia seminari ya Malines, akapewa upadre mwezi wa Septemba 1923.

Mwaka ule ule alikwenda Cambridge, Uingereza, kusoma kwa Arthur Eddington, na baadaye Harvard, Marekani, kwa Harlow Shapley. Siku zile Edwin Hubble alionyesha kwamba baadhi ya mawingu madogo ya mwanga yaonekanayo kwa darubini ni galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali sana na kundi letu. Tena mwanga wa nyingi kati ya hizo uliegemea upande wa rangi nyekundu, ishara ya kwamba zinakwenda mbali nasi.

Lemaître alirudi Louvain kufundisha. Akazichukua galaksi 42, akalinganisha mwendo wao na umbali wao, akaona kwamba kadiri galaksi zilivyo mbali ndivyo ziendavyo upesi. Sababu, alieleza, ni kwamba anga lenyewe linatanuka. Tufanye ziwa letu linatanuka pande zote: kila mvuvi angeona taa za wenzake zikimwacha, zile za mbali zaidi zikienda upesi zaidi, wala hakuna ambaye angeweza kusema kwamba yeye ndiye yuko katikati.

Aliyatoa hayo mwaka 1927, kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels lililosomwa na wachache ng'ambo. Mwaka ule ule alikutana na Albert Einstein. Einstein alizikubali hesabu zake, lakini wazo lenyewe alilikataa. Mwaka 1929 Hubble alitangaza uhusiano ule ule wa mwendo na umbali kwa vipimo bora, na watu wakauita kanuni ya Hubble.

Mwaka 1931 maandiko ya Lemaître yalitokea kwa Kiingereza, lakini kifungu chenye kipimo chake hakikuwamo. Baadaye wengine walishuku kwamba mtu alikikata ili kumpendelea Hubble. Mwaka 2011 barua ya Lemaître mwenyewe ilionyesha ukweli: ndiye aliyefasiri, na ndiye aliyekiacha kifungu hicho, kwa kuwa aliona vipimo vyake vimekwisha kupitwa. Hakudai sifa.

Mwaka huo wa 1931 alisema pia kwamba ulimwengu ulianza kutoka atomu moja ya kwanza. Tangu hapo mpaka uzeeni alitafuta kwa hesabu jinsi galaksi na mikusanyiko yake ilivyofanyika katika anga linalotanuka, na mwaka 1958 alileta kompyuta chuoni Louvain kwa kazi za namna hiyo. Ingawa alikuwa padre, hakutaka hesabu zake zitumiwe kuthibitisha habari za Kitabu cha Mwanzo. Kwake sayansi na imani zilikuwa njia mbili, na kila moja ilikuwa na mwendo wake.

Alikufa Louvain tarehe 20 Juni 1966. Muda mfupi kabla ya kufa aliletewa habari kwamba Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, wamenasa mabaki ya joto la zamani za mwanzo wa ulimwengu.

Mwaka 2018 wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki walipiga kura, wakapendekeza kanuni ile iitwe ya Hubble na Lemaître. Husemwa mvumilivu hula mbivu; yeye hii hakuionja, maana alikuwa kaburini miaka 52. Basi, wenzangu, tufanye hesabu zetu sawasawa, hata kama kwa leo daftari halina msomaji.