Aneesur Rahman: Baba wa Uigaji wa Molekuli

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaafiki maisha ya Aneesur Rahman, mwanafizikia aliyezaliwa Hyderabad, India, mwaka wa 1927. Alisomea hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kisha akahitimu shahada ya uzamifu huko Louvain, Ubelgiji. Mnamo 1960 alijiunga na Maabara ya Kitaifa ya Argonne, karibu na Chicago, Marekani.

Wakati huo wataalamu walikabiliwa na fumbo la vimiminika. Gesi ilieleweka, kwa kuwa molekuli zake hutawanyika na kukutana kwa nadra. Yabisi ilieleweka vilevile, kwa kuwa atomu zake aghalabu hujipanga safu kwa safu. Kimiminika hakikuwa huku wala kule: atomu zake hubanana, ila hazitulii. Hesabu za kalamu na karatasi hazikufua dafu, na hapakuwa na hadubini ya kufuatia mwendo wa kila atomu.

Berni Alder na Thomas Wainwright walikuwa wameanza kutumia tarakilishi katika miaka ya hamsini, ila atomu zao zilikuwa mithili ya gololi ngumu zinazogongana tu. Rahman alitaka atomu zinazovutana zikiwa mbali kidogo na kusukumana zikikaribiana mno, kama zilivyo katika maumbile. Aliteua agoni, iliyopozwa hadi takriban nyuzi 179 chini ya sufuri. Ndani ya tarakilishi aina ya CDC 3600 aliweka atomu 864 katika kisanduku cha kufikirika. Atomu iliyotoka upande mmoja iliingia upande wa pili, ili kuta zisivuruge mwendo. Tarakilishi ilikokotoa nguvu zilizoikabili kila atomu, ikazisogeza zote kwa kanuni za Newton, kisha ikaanza upya. Kila hatua iliwakilisha sehemu moja kati ya trilioni mia moja za sekunde.

Je, atomu 864 zingewezaje kuwakilisha tone lenye atomu zisizohesabika? Lau majibu yangepingana na vipimo vya maabara, kazi hiyo yote ingekuwa mchezo wa namba. Matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1964 yalilingana na vipimo hivyo, katika mpangilio wa atomu na hata kasi ya kuenea kwake.

Rahman hakubweteka. Mnamo 1971, akishirikiana na Frank Stillinger, aliiga maji kwa molekuli 216, kazi ngumu zaidi kwa vile molekuli za maji hushikana kwa namna ya pekee. Baadaye, yeye na Michele Parrinello walibuni mbinu ya kukiruhusu kisanduku chenyewe kibadilike umbo, hivyo fuwele ikaweza kugeuka kutoka muundo mmoja hadi mwingine.

Mwaka wa 1985 alihamia Chuo Kikuu cha Minnesota. Aliaga dunia mwezi wa Juni 1987, kabla ya kutimiza miaka sitini. Chanda chema huvikwa pete: Chama cha Fizikia cha Marekani kilianzisha tuzo yenye jina lake. Aidha, mwaka wa 2013 Tuzo ya Nobeli ya Kemia iliwaendea wataalamu watatu wa uigaji wa molekuli kwa tarakilishi. Leo watafiti wa dawa huzijaribu molekuli kwenye tarakilishi kabla ya kuzitia chupani, wakifuata njia aliyoifyeka Rahman kwa atomu 864.